Bi Haraka wa Ukurasa wa Tisa

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za mama yako. Hujambo? Kifua je? Dada yako ameniambia harufu ya rangi bado inakukohoza. Fungua dirisha, na usipake mabango ya watu ukiwa na tumbo tupu. Sisi huku tu wazima, ila goti langu na cherehani vinashindana kulia.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Usicheke mwandiko. Tangu mwanzo wa mwaka nakwenda darasa la watu wazima, mimi na mwashi mmoja mwenye mvi ndio wasumbufu wakubwa. Mwalimu anasema naisukuma kalamu kama nasukuma gari bovu.

Dada yako amenipa habari. Kasema gazeti limepata mhariri mpya, anataka katuni yako ya Bi Haraka irudi, na amekupa hadi mwisho wa mwezi. Nikashangilia mpaka mteja niliyekuwa nampima akadhani nimejichoma na pini. Halafu akamalizia kwamba umekataa. Eti wasomaji walikufukuza mara moja, hungoji wakufukuze tena. Ndipo nikashika kalamu, mwanangu.

Kwamba wewe ni mchoraji nilijua tangu ulipokuwa unanimalizia chaki ya kushonea kwa kuchora pua za wateja kwenye vipande vya kitambaa. Marehemu baba yako akigomba, mimi nikitetea. Ulipopata ile meza gazetini, karibu na mlango wa choo, picha nne kila siku kwa miaka sita, mimi nilinunua gazeti kila asubuhi. Nikifungua ukurasa wa tisa, huyo Bi Haraka: kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, pini mdomoni, kiatu hiki chekundu, kile cheusi. Nani asingejua ni mimi? Wateja waliacha kuniita kwa jina. Walipiga hodi wakiuliza kama Bi Haraka yupo au ameshatoka mbio. Nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nasinyaa.

Siku moja ukamchora yuko ofisini kwa mkubwa mmoja, ameshika gazeti juu chini, na ofisi nzima imepasuka kwa kicheko. Wewe peke yako ndiye uliyewahi kuniona nimelishika hivyo. Nililia mpaka nikalowesha sare za shule nilizokuwa nashona.

Unaikumbuka barua waliyoichapisha wiki ile, ya mama mwenye uchungu, iliyosema mchoraji huyu anawadhalilisha akina mama na hakulelewa vizuri? Zikafuata nyingine, mwenye gazeti akaogopa, ukaambiwa ukusanye kalamu zako. Ulikuja nyumbani ukaitoa barua ile ya kwanza kwenye pochi, ukanisomea neno kwa neno, ukaniuliza kama mtu yule ana mtoto. Nami nikakuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Ni mimi, mwanangu. Nilimwomba karani wa posta aniandikie, mimi nikisema, yeye akiandika. Nilitaka mhariri akukanye tu, uniondoe kwenye picha. Sikujua ingekula kazi yako. Na ulipolia mezani kwangu nilinyamaza kwa aibu, nikanyamaza miaka minne.

Lakini lililo baya zaidi nimelijua juzi. Mwalimu alituambia tuje na kitu cha kusoma. Nikachukua magazeti yako, yote nimeyatunza chini ya kitanda. Nikafungua lile la siku ile, nikafuata kwa kidole kile kiduara cha maneno kinachotoka mdomoni mwa Bi Haraka. Miaka yote nilikuwa natazama picha, vile viduara navipita. Kumbe mkubwa wa ofisi anamwambia gazeti kalipindua, naye anamjibu kwamba analikung'uta kwanza, uongo udondoke, ndipo asome. Wanaocheka wanamcheka mkubwa! Mwashi alipiga meza kwa kicheko. Mimi nilitoka nje.

Nimesoma na mengine, polepole. Hakuna hata siku moja Bi Haraka ameshindwa. Wewe ulikuwa unanitetea mbele ya watu wote, nami nikakushitaki.

Kwa hiyo wasomaji hawakukuanza, mwanangu. Aliyekuanza hakuwa hata anasoma.

Nenda kwa mhariri kabla mwezi haujaisha. Ukinikasirikia nitavumilia, ukininyamazia pia nitavumilia, haki yako. Ila usiikose kazi hii mara mbili kwa ajili yangu. Na ukitaka kumchora Bi Haraka amekaa mbele ya karani, anamwandikisha barua ile, mchore. Siku hiyo usimtafutie neno la kumwokoa. Kiduara chake kiache kitupu.

Dada yako anakusalimu sana. Mkeo mpe mkono, watoto wabusu kila mmoja shavu lake.

Ni mimi mama yako,
niliyekukosea.