Nilisahihisha, Sikusoma

Mama Zuhura mpendwa,

Kukuita mke wangu sina tena haki, lakini jina la Mama Zuhura halifutwi na talaka, kwa hiyo nitakuita hivyo. Sijui kama utaisoma barua hii mpaka mwisho. Naomba uimalize.

Unakumbuka ulivyoamua kufanya mtihani wa kidato cha nne ukiwa mtu mzima? Asubuhi ulikuwa unauza maandazi pale barabarani Misugusugu, alasiri unakaa jamvini na daftari. Kilichokusumbua kwenye Kiingereza ni viunganishi. Nikawa nakupa kazi ya sentensi kumi kila wiki, nawe unaliweka daftari lako juu ya rundo la madaftari ya wanafunzi wangu. Siku ya kwanza nilikufokea, "Ukishaweka although, hiyo but ya nini tena?" Ukanijibu, "Kwani ikikaa hapo inakula nini?" Nikasema inakula maksi. Tulicheka mpaka Zuhura, mdogo wakati ule, akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Nilikuwa mwalimu kupita kiasi, najua. Hata kadi ya harusi yetu nilihangaika na mikato yake, jina la mama yako likachapwa limekosewa. Na kila ulipotaka tuzungumze, jibu langu lilikuwa moja: "Ngoja nimalize madaftari." Ungefanya nini? Ukaandika kwenye kitu pekee ulichokuwa na uhakika kwamba nitakifungua.

Mwezi uliopita Zuhura alikuja likizo, akapekua boksi langu la vitabu akitafuta mifano ya kujisomea. Akaniletea daftari lako. "Baba, hii uliisoma?" Nikamwambia ndiyo, si unaona tiki? Akaniwekea kidole kwenye ukurasa.

Uliandika: ingawa mume wangu yupo nyumbani, nakula peke yangu. Tiki. Nimenyamaza kwa sababu nimechoka kusema. Tiki. Sentensi ya kumi, kwa Kiingereza kilichonyooka, inasema utaondoka Jumamosi, isipokuwa mumeo akikuuliza una nini. Hapo nimeweka tiki kubwa, na pembeni nimekupongeza kwamba sasa unless umeielewa. Jumamosi ile nilikwenda Mlandizi kwenye shughuli ya mwalimu mwenzangu. Niliporudi hukuwepo.

Nililia, Mama Zuhura, mbele ya mtoto.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni kile kikao cha Kisarawe, nyumbani kwa mjomba wako. Nilisimama nikasema umeondoka kama mwizi, hukuniambia hata neno. Mjomba akakugeukia. "Mwanangu, ni kweli hukumwambia mwenzio?" Ukaniangalia, ukasema, "Mjomba, yaishe." Mimi nikaona nimeshinda. Ndugu zako wakakulaumu, na nasikia mpaka leo shangazi zako wanakutolea mfano mbaya kwa mabinti wanaoolewa. Ungeweza kuniumbua pale pale. Sijui ulininyamazia kwa huruma au kwa kunichoka, na sistahili kuuliza.

Siombi urudi. Nimesikia kwa watu kwamba ulifaulu, na kwamba unafundisha watoto wa chekechea huko uliko. Nilifurahi sana, kisha nikaona aibu, maana habari hiyo ilipaswa kuanzia nyumbani kwangu.

Ninachoomba ni ruhusa ya kuja Kisarawe mara moja tu. Mjomba awaite wale wale waliokuwepo, na shangazi zako wasikose. Nitakuja na daftari. Nitampa mzee shikamoo yake, nitakaa chini, nami nitasema: mjomba, aliniambia. Aliniambia siku tatu kabla hajaondoka, na mimi nikampa kumi kwa kumi.

Ubaki na amani,
Baba Zuhura