Kipande cha Nyangeta

Mdogo wangu Rehema,

Mkono huu unaokuandikia bado unanuka udongo wa kichuguu. Hapa Bugwema wanajenga ukumbi wa kijiji bila saruji, bila kukata hata mti mmoja, kila mtu anakandika kipande chake cha ukuta kwa viganja. Waje waone wale wanaoita saruji maendeleo.

Kipande kimoja kilikuwa hakijamaliziwa. Nikachota udongo, mama mmoja akanizuia.

"Hapo hatupagusagi, kaka. Ni pa Nyangeta. Alifariki masika yaliyopita."

"Sasa atamalizia nani?"

"Mwenyewe," akasema, akaendelea kukandika.

Unanijua, sikubali kitu bila ubishi. Nikaweka kiganja. Jua lilikuwa utosini, vipande vya jirani vimekauka kabisa, lakini pale palikuwa pabichi, pa baridi, na alama za vidole vyembamba kuliko vyangu. Wenzake yule mama wakaniletea maji ya kunawa.

Jumamosi, kabla fundi wako hajabomoa jiko alilolikandika marehemu mama, ingia peke yako uguse ukuta. Ukiwa mkavu, jenga kwa matofali yako, sitabishana tena.

Nakupenda hata ukinuna.

Kaka yako