Chuma Kilichotoboa Paa la Baba Yako

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Mtaa wa Mafundi,
14 Machi.

Mpendwa Maswali, mtoto wa kaka yangu,

Hujambo, mwanangu? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Unakula, au bado unaishi kwa chai na mkate? Sisi tu wazima. Goti langu linalalamika nikipanda ngazi, lakini cherehani bado naikanyaga.

Sasa kaa chini usome polepole. Baba yako amenikataza nisikwambie, nami nimekataa kukatazwa.

Jumanne, mnamo saa nne asubuhi, nilikuwa nakata sare za shule nikasikia kishindo hadi mkasi ukaniponyoka. Nikatoka mbio. Paa la karakana ya baba yako lilikuwa na tundu, na meza yake ya kuchomelea imekatika vipande viwili. Katikati limekaa dude jeusi la mviringo, kubwa kama sufuria ya kulishia shule nzima, limeungua upande mmoja. Baba yako alikuwa ametoka kwenda kuazima msumeno kwa seremala. Dakika tano tu, mwanangu. Mungu mkubwa.

Kinyozi wa jirani alipiga kelele kuwa ni bomu. Kaka yangu, unavyomjua, alirudi akapiga magoti kulikagua. "Dada, hebu njoo uone mshono huu," akaniita. "Aliyechomelea hapa ni fundi kuliko mimi." Nikamvuta kwa ukosi wa ovaroli asiliguse, na ilikuwa heri, maana wataalamu waliokuja alasiri walivaa glavu na barakoa. Walisema ni tangi la roketi ya zamani, na matangi hayo huweza kubaki na sumu.

Mmoja wao, mama mpole, akatueleza kuwa huko juu kumejaa setilaiti na mabaki ya zilizokufa. Nati moja tu huenda mbio kuliko risasi. Vyuma viwili vikigongana huzaa vipande maelfu, navyo huenda kugonga vingine. Nikamwuliza anga lote hilo linajaaje. Akasema kila mtu anataka kupita njia zile zile. Ni kweli? Nani hufagia huko? Na mwenye tangi, mbona haulizwi kabla halijaanguka? Leo nimekunyang'anya jina lako.

Baba yako naye akauliza, "Wapo wanaochunga visigongane?" Yule mama akajibu wapo, usiku na mchana. Unakumbuka ulipoikataa karakana, baba yako akasema unakwenda kuchunga hewa? Miaka mitatu sasa hajakupigia. Basi siku ile alizunguka mtaa mzima: "Kazi hiyo ndiyo anayoifanya binti yangu." Kinyozi ameambiwa mara nne.

Jana baba yako alinikuta naandika. Sikuificha barua. Alisimama mlangoni akikuna kidevu, kisha akasema, "Mwulize, akiona kitu kinakuja upande wetu, atapiga simu?"

Nikamwambia nitaandika. Akageuka kwenda, akarudi hatua mbili.

"Na hata kama hakuna kinachokuja, apige tu."

Bibi yako anakusalimu, na mama mdogo, na wale pacha wake wawili. Mungu akupe macho makali na usingizi mtamu.

Ni mimi nikupendaye, leo na siku zote,
Shangazi yako.