Miguu ya Nyuma ya Simba wa Tsubuki

Jumanne, 3 Oktoba

Feri haikuja hapa Tsubuki, kisiwani kwetu. Upepo. Dawa zangu za nywele zimekwama bara, na saluni bila dawa ni viti na vioo tu. Nikafunga mlango, nikapanda kilima kwenda popote — mvua ikanikuta mbele ya makumbusho. Tangu yafunguliwe sijawahi kuingia! Jengo ni shule yetu ya zamani. Nani ana haja ya kutazama jembe la babu yake ndani ya kioo?

Niliingia kujikinga na mvua. Basi.

Msimamizi mpya ni Bwana Urabe, mtu wa jiji la Nagoya, huko bara. Masikio makubwa, soksi hazifanani. Alifurahi kuona mgeni hadi akaniletea ndara za kuvaa ndani, zote mbili za mguu wa kushoto. Nikazivaa hivyo hivyo.

Halafu, katika darasa letu la hesabu — Simba! Simba wetu wa sikukuu, yule anayechezwa na watu wawili ndani ya shuka! Kichwa chekundu cha mbao, meno ya dhahabu, manyoya yamenyonyoka kidogo. Hajacheza tangu mimi msichana. Vijana walihamia bara na ngoma ikafa. Nilipiga ukelele. Bwana Urabe akadhani nimeona panya.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimerudi. Nimempelekea viazi vitamu vya kuchoma. (Ni mwembamba mno yule. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine.)

Akafungua kabati la kioo! Mshike, akasema, haumi. Nikavuta taya, meno yakagongana — ta! Mlio ule ule! Mwili mzima ulinisisimka. Zamani nikiusikia nilikuwa najificha nyuma ya mama.

Akaniambia kuhani wa hekalu amekubali Simba atoke acheze hekaluni siku ya sikukuu, Jumamosi ya wiki ijayo. Yeye atabeba kichwa. Amejifunza kwa kutazama filamu ya zamani iliyomo mle makumbushoni. Ila hana mtu wa miguu ya nyuma. Kila mwanamume aliyemwomba analalamika mgongo.

"Wa kwako ukoje, Bi Fusae?"

"Mzima kabisa!"

Jamani. Nimejibu nini mimi?

Jumapili, 8 Oktoba

Rafiki yangu Kinue amekuja nimkate nywele. Kisiwa hiki! Habari zilishafika kabla sijamfunga kitambaa shingoni.

"Mwenzetu, wewe na makumbusho! Yamekukumbusha nini, ujana?"

Nikamwambia napenda historia.

"Historia yenye masikio makubwa," akasema. Tukacheka mpaka mkasi ukaniponyoka. Upande wa kushoto umetoka mfupi kuliko wa kulia. Kasema kosa ni langu, ila atawaambia watu ndiyo mtindo mpya.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mazoezi! Darasani, kati ya mitungi na vitanda vya kufumia nguo. Ndani ya lile shuka la simba huoni kitu ila visigino vya mwenzako. Akienda kushoto, mimi kulia. Tulikaa kitako kwa pamoja, simba mzima, puu! Nilicheka hadi machozi, na yeye huko mbele anacheka ndani ya kile kichwa, sauti kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Sijui lini mara ya mwisho nilicheka hivi. Tangu talaka, sidhani.

Nilipofunua shuka, Baba mdogo Tokuji amesimama mlangoni.

Ndiye aliyebeba kichwa cha Simba mara ya mwisho. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufa. Hakupandisha sauti.

"Simba huyu hajawahi kuwa na mwanamke tumboni."

"Baba mdogo, wanaume hawapo."

"Basi na alale. Ukicheza, mimi hekaluni sikanyagi. Na wewe kwangu usikanyage."

Akaondoka. Bwana Urabe alikuwa bado ana kichwa cha Simba kichwani, hajui akivue au abaki nacho. Nilitaka kulia, nikamtazama, nikacheka tena. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 13 Oktoba

Kuhani anasema yeye hana neno nikicheza.

Kila mwaka kabla ya sikukuu namnyoa Baba mdogo. Leo nimebisha, nimebisha. Redio inasikika ndani. Hakufungua.

Bwana Urabe kasema nikijitoa hatakasirika. Simba atarudi kwenye kioo, na yeye atakuwa amekula viazi vizuri. Alisema huku anatazama soksi zake. Leo zinafanana! Alizivaa kwa ajili ya nani?

Nimemwambia nacheza.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika nyuma ya ghala la hekalu. Watu! Feri imeleta hata waliohama, na watoto ambao Simba hawamjui kabisa. Kinue kavaa kimono na nywele zake za upande mmoja, anajipitisha kwa maringo.

Bwana Urabe ameloa jasho. "Nikianguka je?"

"Nitakuangukia juu."

Akawa mwekundu kuliko Simba! Na mimi nikawa mwekundu, maana sikukusudia vile — au nilikusudia. Sijui!

Ngoma imeanza. Mume wa Kinue anaipiga kama anafukuza kuku, lakini imeanza.

Kinue kaja mbio, pindo la kimono kalishika mkononi. Baba mdogo anapanda ngazi! Peke yake, hasemi na mtu. Nikachungulia. Ni kweli. Nywele zimemfika masikioni, na amevaa koti la bluu la wacheza simba, lile ambalo nilidhani lilishaliwa na nondo. Watu wanampisha. Kuhani amemsogelea, wanaongea, sisikii. Baba mdogo ananyoosha kidole huku kwetu.

Ngoma imenyamaza.

Bwana Urabe ameshakiinua kichwa. Ananong'ona, Bi Fusae, tufanyeje? Baba mdogo anakuja. Uso wake siuelewi, na miguu yangu, hii ya nyuma, imeshaanza kucheza yenyewe. Fungua shuka, nimemwambia, naingia, aje na lolote.