Fahali wa Madam Kageha

Zeituni, weka hiyo chai chini usome.

Si unajua mwalimu mkuu wetu aliamuru walimu wa chekechea wachore wenyewe picha za maonyesho, halafu waandike majina ya watoto? Eti za watoto zitamwaibisha. Basi Madam Kageha akachora fahali wa kupigana. Alichora saa nzima, ulimi nje. Chini akaandika: Shantel, miaka minne.

Leo afisa wa elimu amekuja. Picha za walimu wengine amezipita akisema, "Hizi ni za watu wazima." Kageha jasho likaanza kumtoka.

Afisa akafika kwa fahali, akasimama. Zeituni, alisimama.

"Hii sasa ndiyo kazi ya mtoto. Mwalimu hakuingilia hata kidogo."

Hata kidogo. Mbele ya wazazi wote. Watu wakapiga makofi, na Kageha naye akapiga.

Halafu afisa akamwita Shantel, yule ambaye babu yake anafuga mafahali wa kupigana kule Malinya. "Umechora nini, mama?"

Shantel akaikazia picha macho.

"Ni Madam alichora. Ng'ombe ya babu iko na miguu nne. Lakini msimcheke, bado anajifunza."