Sukari ni ya Chai

Mjukuu wangu Minza,

Mwangaluka! Huku Bariadi tu wazima, pamba ya baba yako imechanua vizuri. Umeuliza kwa nini bekoni yako ya sukari na pilipili inaungua. Hata mimi iliniunguza roho.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhaba, maduka yalipofunguliwa, sukari ikajaa tena. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Nilikata nyama ya nguruwe vipande vyembamba, nikavitia chumvi na kuvianika kama michembe ya viazi. Nikavipaka sukari na pilipili, nikavipanga kwenye sufuria jikoni, nikafunika na kurundika makaa juu ya mfuniko. Vikawa vyeusi, vichungu.

“Sukari ni ya chai,” mama mkwe akasema. “Hiyo siionji mimi.”

Nikarudia Jumapili, makaa machache tu juu. Viling'aa, Minza! Nyumba nzima walilamba vidole, isipokuwa mama mkwe.

Kesho yake nikachukua kanga zake nikafue. Pembeni mwa moja palikuwa na fundo. Nikalifungua: kipande cha nyama yangu, kimeng'atwa nusu, nusu kimewekwa akiba.

Sikuifua kanga ile. Nilikaza fundo, nikairudisha ilipokuwa, nikaenda nyuma ya nyumba kucheza ngoma peke yangu.

Bibi yako