Ungemwachia Mwanao?

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa kituo ametukusanya chumba cha mazoezi, tukakaa kwenye magodoro kama watoto wenyewe. Uchunguzi mpya! Kila anayehudumia watoto wenye ulemavu ataangaliwa upya — alama za vidole, rekodi ya polisi, alikofanya kazi zamani, na mtu wa kumsemea atakayepigiwa simu. Asiyepita hakai na mtoto, hata awe malaika. Mimi nilipita mwaka jana nilipoajiriwa, na wa mwaka jana hawarudii, kwa hiyo nilikaa natingisha mguu kama mwenye nyumba.

Twiga akaniuliza mlangoni: dada, nikuandike wewe wa kunisemea? Nikamwambia andika, hata usiulize. Jina la Twiga kapewa na watoto, maana huinama kila mlango. Ndiye pekee anayeweza kumlisha Madam. Madam ana miaka minane, analala hapo hapo kituoni, shingo na mikono havimtii, na husema kwa macho tu — juu ni ndiyo, pembeni ni hapana. Sisi wengine tukishika kijiko anafunga mdomo kama duka siku ya msiba.

Jumanne, 5 Machi

Semina kutwa nzima. Mkufunzi anasema anayedhuru watoto si lazima awe na sura ya kutisha. Mara nyingi ni yule anayependwa na wote, anayejitolea kwa kazi ambazo wengine wanazikwepa.

Wenzangu wakatazama sakafu. Mimi nikamtazama Twiga. Jicho moja tu! Alikuwa anaandika kwa bidii, ncha ya ulimi nje.

Alhamisi, 7 Machi

Simu imekuja naanika nguo. Afisa wa uchunguzi, mwanamke, sauti ya upole. Unamfahamu tangu lini? Amewahi kumpiga mtoto? Hasira zake zikoje? Nilimsifu Twiga mpaka nikajisikia natia chumvi.

Mwishoni akauliza kama nina mtoto. Ninaye, wa kike, miaka mitano. Je, ungemwachia huyu bwana, wawili peke yao, siku nzima?

Nikanyamaza.

Si sana! Muda wa kubana kibanio kwenye kamba. Halafu nikasema ndiyo, bila shaka, tena kwa sauti kubwa, jirani akageuka. Afisa akasema asante. Nikasikia anachapa kwenye kompyuta. Alichapa muda mrefu kuliko ndiyo yangu ilivyohitaji.

Kwa nini nilinyamaza? Sijaona kitu. Sijasikia kitu. 

Ijumaa, 8 Machi

Twiga kaniletea soda baridi. Anasema najua umenisemea vizuri dada, wewe si mtu wa kuniangusha. Nikainywa yote mbele yake. Mtu mwenye haya angesema hana kiu.

Jumanne, 12 Machi

Majibu. Wote wamepita isipokuwa Twiga. Lake "linahitaji ufafanuzi." Kwa sasa haruhusiwi kuwa na watoto, kapelekwa stoo kukaza magurudumu ya viti na kufua mito.

Jikoni hawakungoja hata chai ichemke. Mpishi akasema yeye siku zote alishangaa, mwanamume gani anayekimbilia kubadilisha nepi. Wakacheka. Na mimi nikacheka! Mimi, ninayejua kwamba Twiga anabadilisha nepi kwa sababu sisi tukisikia harufu tunajifanya hamnazo. Nimejichukia.

Jumatano, 13 Machi

Madam hajala mchana. Wala jana usiku, wanasema. Nimejaribu mimi — uji ukaishia kifuani pake. Nikamuuliza unamtaka Twiga? Macho juu, haraka.

Halafu nimefanya kitu. Nimekiandika na kukifuta mara ya ngapi sijui. Nilichungulia korido, nikamwinamia sikioni, nikamuuliza kama Twiga aliwahi kumgusa vibaya. Kwenye semina walitukataza kabisa — humhoji mtoto mwenyewe, unaripoti, wenye ujuzi wanakuja. Nikauliza. Macho pembeni. Nikauliza tena! Pembeni. Akanitazama usoni, kisha akafumba macho, na Madam akifumba macho mazungumzo yameisha.

Nilitaka nini? Nilitaka aseme ndiyo, ili nisiwe na kosa. Ndivyo ilivyo, nimeshaiandika.

Alhamisi, 14 Machi

Afisa kapiga. Niende ofisini kwao Jumatatu. Kuna mahali ulisita, mama, tungependa kukuelewa. Kwa hiyo ni mimi! Si polisi, si kazi ya zamani. Ni mimi na kibanio changu.

Nitasema nini? Nikisema sikusita, nawadanganya watu wanaolinda watoto. Nikisema nilisita, wataniuliza kwa nini, na sina la kuwapa. Sina! Au kuna kitu tumbo langu linajua? Hapana. Tumbo langu lilihudhuria semina tu.

Jioni Twiga kaniita dirishani pa stoo, mikono ina grisi. Anadhani ni bosi wake wa zamani aliyemchafulia jina. Kaniuliza, dada, nani anaweza kunifanyia hivi? Nikamjibu watu wabaya, Mungu atawaonyesha. Nilisema hivyo, macho makavu.

Jumamosi, 16 Machi

Mkuu kapiga sasa hivi. Madam yuko zahanati, kaishiwa maji mwilini, anamkataa kila nesi. Wanataka mtu anayemjua na aliyepita uchunguzi. Gari linakuja kunichukua. Mdogo wangu anayekaa na mwanangu kaenda harusini, harudi mpaka kesho.

Sijaweka simu chini, hodi — Twiga! Kaleta baiskeli ya mtoto, aliniahidi kuifunga breki. Nikamweleza. Uso ukamwanguka. Anasema ukimlisha mshike kidevu, usimharakishe, kijiko kidogo. Kisha: nenda tu dada, huyu nitakaa naye mimi. Mwanangu keshamparamia mgongoni.

Nikasema ngoja nivae viatu.

Viatu nimevaa. Nimekaa kitandani, naandika huku nasikiliza gari. Nimempigia jirani, nimemwomba kwa kunong'ona aje akae na mtoto. Akasema si nasikia mtu anacheka hapo kwako? Nikamwambia yupo mtu, ndiyo, lakini njoo tu na wewe, usiwaache peke yao. Ukuta wetu huu ni ubao. Nimelikumbuka hilo nilipokwisha kusema.

Sebuleni kicheko kimekata. Mwanangu anauliza mbona umeacha kucheza.  Halafu namsikia Twiga, taratibu kabisa: njoo tukae nje kibarazani, mlango tuuache wazi, watu watuone.

Kiti kinaburutwa. Sasa amekaa. Mwanangu anampigia kengele ya baiskeli, tena na tena, na yeye anasema vizuri, vizuri, kwa sauti ambayo si yake.

Jirani bado. Honi inalia barabarani. Twiga ananiita, dada, gari limefika. Na kutoka lazima nipite hapo alipokaa, nyumba hii ina mlango mmoja.